Ramani Yako ya Kwanza kwa QGIS: Vituo vya Maji vya Kijiji, Hatua kwa Hatua

Anayeanza kujifunza GIS, yaani mfumo wa taarifa za kijiografia, huja na maswali yaleyale. Nitumie programu gani? GPS ya simu inatosha? Mbona vituo vyangu vya Morogoro vimejichora Hispania? Mwongozo huu unayajibu yote kwa kazi moja, kuanzia kijijini hadi kwenye karatasi: ramani ya vituo vya kuchotea maji, yenye eneo la mita 400 kuzunguka kila kituo.

Mita 400 hizo zina sababu. Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya umbali huo, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Ofisi yoyote ina jedwali la vituo, lakini jedwali halikuonyeshi kitongoji kilichoachwa nje. Ramani inakionyesha mara moja, na mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuishika mkononi kwenye mkutano.

Nadharia utakayohitaji ni ndogo. GIS hupanga taarifa kwa matabaka: vituo tabaka moja, barabara jingine, mipaka jingine. Vitu huchorwa kama nukta (kisima), mstari (barabara, mto) au poligoni (eneo la kijiji). Kila kilichochorwa kina mstari wake kwenye jedwali la sifa, na humo ndimo penye jina la kituo, aina yake na hali yake. Picha za satelaiti ni aina nyingine, zinaitwa rasta, na leo hatuzigusi.

Inafaa kujua pia kwamba wazo hili lina mguu mmoja Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mkanada Roger Tomlinson alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya upimaji huko Ottawa, iliyotakiwa kutafuta eneo la kupanda miti nchini Kenya. Kulinganisha rundo la ramani kwa mkono kulionekana ghali mno. Hapo ndipo aliposhika hoja kwamba kompyuta ifanye kazi hiyo, na baadaye akaongoza ujenzi wa mfumo wa taarifa za ardhi wa Kanada.

Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi. Ikiwa na 8 utafanya kazi kwa raha.
- QGIS, programu ya kuchorea ramani, kutoka qgis.org. Ni bure, haina leseni ya kulipia wala ya kuiba. Chagua toleo la muda mrefu, lililoandikwa "Long Term Release". Faili lake la Windows linazidi GB 1, kwa hiyo kama bando ni la kubana, nakili kwa flashi kutoka kwa mtu aliyekwisha kulipakua.
- Simu ya Android yenye GPS, pamoja na KoboCollect au QField, programu za simu za kukusanyia data uwandani. Zote mbili ni bure.
- Excel au LibreOffice Calc.
- Mipaka ya vijiji au kata. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa mipaka ya sensa ya 2012, na tovuti ya Humanitarian Data Exchange ina mipaka ya nchi nyingi za Afrika. Angalia mwaka wake, maana kata zimegawanywa sana tangu wakati huo.
- Ruhusa. Fika kwanza kwa mtendaji wa kijiji na kwa jumuiya ya watumia maji. Ukionekana unazunguka na simu ukipiga picha mabomba bila kujitambulisha, utaulizwa, na wana haki ya kukuuliza.

Jambo moja la kulielewa kabla ya hatua ya kwanza

Makosa mengi ya wanaoanza hayatoki kwenye programu, yanatoka kwenye koordineti, yaani namba zinazotaja mahali. Elewa sehemu hii na nusu ya matatizo yako yamekwisha.

Simu hukupa namba mbili kwa nyuzi. Eneo la Mzumbe, Morogoro, ni takriban latitudo -6.93 na longitudo 37.56. Alama ya kutoa maana yake ni kusini mwa ikweta. Mfumo huu unaitwa WGS 84, na msimbo wake ni EPSG:4326. Ni mzuri kwa kuhifadhi mahali, lakini haufai kupimia umbali, kwa sababu kipimo chake ni nyuzi na si mita. Nyuzi moja kwenye ikweta ni kama kilomita 111.

Kupima umbali unahitaji mfumo wa mita, na kwetu unaotumika ni UTM. Dunia imekatwa kanda za nyuzi 6 za longitudo. Longitudo 36 inaigawa Tanzania: mashariki yake (Dar es Salaam, Morogoro, Arusha, Tanga, Zanzibar) ni kanda 37 kusini, EPSG:32737. Magharibi yake (Mwanza, Mbeya, na hata Dodoma mjini) ni kanda 36 kusini, EPSG:32736. Kigoma mjini imo kanda 35, EPSG:32735. Kwa Kenya, Nairobi na Mombasa ni 32737, lakini Eldoret iko kaskazini ya ikweta, kanda 36 kaskazini, EPSG:32636.

Mfumo wa tatu utakutana nao ukipewa data za zamani: Arc 1960. Ramani za karatasi za skeli ya 1:50,000 za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo huo. Namba zake zinafanana sana na za UTM ya WGS 84, lakini mahali panatofautiana kwa takriban mita 300. Unapima mita 400 halafu kosa ni mita 300! Ukipewa orodha ya koordineti ofisini, uliza kwanza GPS ilikuwa imewekwa mfumo gani, kabla hujauliza swali jingine lolote.

Kazi yenyewe

1. Tengeneza fomu fupi. Kwenye KoboToolbox, tovuti ya kutengenezea fomu za KoboCollect, weka maswali haya tu: jina la kituo, kitongoji, aina (bomba, kioski, pampu ya mkono, kisima cha wazi), hali, tarehe, picha, na nukta ya GPS. Maswali ya aina na hali yawe ya kuchagua, yasiwe ya kuandika. Wakusanyaji watatu wakiachiwa waandike, mmoja ataandika "kinatoa", mwingine "kinafanya kazi", mwingine "kizima", na kompyuta itaona hali tatu tofauti.

Kwenye hali, usiishie ndiyo au hapana. Weka "kinatoa mwaka mzima", "kinatoa masika tu" na "hakitoi". Pampu inayokauka kila Septemba, ukiipaka rangi moja na bomba la mserereko lisilokauka, umewadanganya wasomaji wa ramani.

2. Chukua nukta uwandani. GPS ya simu haili bando. Inasikiliza satelaiti moja kwa moja, hivyo hata pasipo mtandao inafanya kazi, ilimradi fomu umeipakua kabla ya kuondoka. Simama penye kituo chenyewe, si barabarani ulipoegesha pikipiki. Shika simu mahali peupe na usome kiwango cha usahihi. Ikiandika mita 20, subiri, itashuka. Pokea ikifika mita 5 au pungufu. Chini ya miembe mikubwa au bondeni kwenye miteremko ya Uluguru huenda isishuke. Hapo sogea hatua chache hadi uwazi ulipo, chukua nukta, na uandike kwenye maelezo kwamba umesogea.

Picha ipigwe ikionyesha kituo chote na kitu cha kukitambulisha, kama namba iliyochorwa kwenye zege au mti wa jirani. Usipige nyuso za watoto waliopanga foleni.

3. Safisha jedwali. Pakua data kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na uifungue kwenye Excel. Latitudo iwe na safu yake, longitudo nayo yake. Hakikisha haya:

- Latitudo zote za Tanzania zina alama ya kutoa.
- Kitenganishi cha desimali ni nukta, si mkato: 37.56012, si 37,56012.
- Desimali ni tano. Desimali tano ni usahihi wa kama mita moja. Ukibakiza mbili, umebaki na kilomita nzima ya kubahatisha.
- Hakuna alama ya nyuzi wala herufi S au E ndani ya safu.

Ukipewa koordineti za nyuzi, dakika na sekunde, zibadilishe: gawanya dakika kwa 60, sekunde kwa 3600, ujumlishe. Mfano, 6°55'48" kusini: 55 ÷ 60 = 0.91667, 48 ÷ 3600 = 0.01333, jumla na 6 ni 6.93. Kwa kuwa ni kusini, andika -6.93.

Vichwa vya safu viwe vifupi na bila nafasi: jina, kitongoji, aina, hali, lat, lon. Hifadhi kama CSV UTF-8.

4. Fungua QGIS, anzisha mradi, uuhifadhi papo hapo. Tengeneza folda moja, uite kwa mfano maji_kijiji, na kila kitu kikae humo: CSV, mipaka, mradi. Faili la mradi, lenye kiambishi .qgz, halibebi data yako. Linakumbuka tu data ilipo. Ukimtumia mwenzako .qgz peke yake, atafungua ukurasa mtupu.

Kisha kwenye kidirisha cha Browser upande wa kushoto, fungua XYZ Tiles na ubofye mara mbili OpenStreetMap. Ramani ya dunia itatokea nyuma. Hii inahitaji intaneti, ila si lazima kwa hesabu, ni ya kukuonyesha uko wapi. Kwa Dar es Salaam utashangaa jinsi ilivyojaa mitaro na vichochoro. Ni kazi ya wanafunzi na wakazi chini ya mradi wa Ramani Huria, iliyoanza 2015 kwa ajili ya mafuriko. Kijijini kwako huenda pakawa peupe. Hilo lisikutie shaka.

5. Ingiza CSV. Nenda Layer, kisha Add Layer, kisha Add Delimited Text Layer. Chagua faili. Sasa tulia hapa, ndipo wengi wanapoangukia:

- X field ni longitudo (lon).
- Y field ni latitudo (lat).
- Geometry CRS (CRS ni mfumo wa koordineti) ni EPSG:4326.

Watu husema "latitudo na longitudo" kwa mpangilio huo, wakadhani X ni latitudo. Sivyo. X huenda mashariki na magharibi, na hiyo ni longitudo. Angalia sampuli chini ya dirisha. Kama safu zote zimegandana kuwa moja, Excel yako imetenganisha kwa nukta-mkato: fungua Custom delimiters, uweke tiki kwenye Semicolon. Bofya Add.

6. Hamisha tabaka kwenda mita. Bofya kulia jina la tabaka, chagua Export, kisha Save Features As. Format iwe GeoPackage, CRS iwe EPSG:32737 (au ya kanda yako), na faili liite vituo_utm. Tabaka jipya litaongezwa, la zamani liondoe ili usichanganye.

Onyo kubwa. Menyu hiyohiyo ya kubofya kulia ina amri ya Set Layer CRS. Hiyo haihamishi chochote. Inabadilisha jina tu la mfumo, namba zikibaki zilivyo. Ukiitumia hapa, -6.93 itasomwa kama mita, na vituo vyako vitatoweka kijijini. Itumie tu pale tabaka linapokuja halina mfumo na wewe unaujua kwa hakika.

Kwa nini GeoPackage na si shepufaili, aina ya zamani ya faili la ramani? Shepufaili hukata vichwa vya safu kufikia herufi 10, na si faili moja bali ni kundi: .shp, .shx, .dbf, .prj. Kila wiki kuna mtu anatumiwa .shp peke yake kwenye WhatsApp na haifunguki. GeoPackage ni faili moja, limebeba vyote.

7. Ongeza mipaka. Buruta faili la mipaka hadi kwenye QGIS. Kama ni ya wilaya nzima, chagua kijiji chako na ukihamishe peke yake kwa njia ya hatua ya 6, ukiweka tiki Save only selected features. Vituo viwili vitatu vikionekana nje ya mpaka, usivisogeze. Mara nyingi mpaka kwenye faili ndio uliochorwa kwa kukadiria. Muulize mtendaji.

8. Paka rangi kwa hali. Bofya mara mbili tabaka la vituo, nenda Symbology, badilisha Single Symbol iwe Categorized, Value iwe hali, bofya Classify. Chagua rangi zinazotofautiana hata zikichapwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu printa ya ofisi ya kata huenda haina rangi. Njia salama ni kubadilisha na umbo: duara kwa kinachotoa, pembetatu kwa cha masika, msalaba kwa kisichotoa.

9. Chora mita 400. Kwanza chagua vituo vinavyotoa mwaka mzima tu: kwenye tabaka tumia Select by Expression na uandike "hali" = 'kinatoa mwaka mzima'. Kisha Vector, Geoprocessing Tools, Buffer, amri ya kuchora eneo la kuzunguka kitu. Weka tiki Selected features only. Distance iwe 400 na kipimo kiwe meters. Kikiandikwa degrees, simama, hujafanya hatua ya 6. Segments ongeza kutoka 5 hadi 20 ili duara liwe duara. Weka tiki Dissolve result ili maeneo yanayogusana yaungane. Hifadhi kama GeoPackage. Ukiacha matokeo kwenye tabaka la muda, yatapotea ukifunga programu.

Sasa angalia palipobaki peupe, maana ndipo ramani inapoanza kusema. Ukitaka kuhesabu nyumba zilizo nje, pakua majengo ya OpenStreetMap kutoka tovuti ya Geofabrik, au ya Google Open Buildings, kisha tumia Vector, Research Tools, Select by Location, uchague majengo ambayo ni "disjoint", yaani hayagusani, na eneo la mita 400. Hesabu hiyo ni ya mapaa, si ya kaya. Stoo, banda la ng'ombe na kanisa vyote ni mapaa.

Na ulifahamu hili vizuri: duara la mita 400 linapima umbali kama kunguru anavyoruka, moja kwa moja. Mama mwenye ndoo kichwani hafuati mstari ulionyooka. Anazunguka korongo, shamba la mtu na mto uliojaa. Nyumba iliyo mita 300 kwenye ramani inaweza kuwa mita 900 kwa miguu. Kwa hiyo walio nje ya duara wana uhakika wa kuwa mbali, lakini walio ndani si wote walio karibu. Andika sentensi hiyo chini ya ramani. Palipo na mto, nenda uwandani ukatembee njia yenyewe huku simu ikirekodi.

10. Tengeneza karatasi. Project, New Print Layout. Tumia Add Map, Add Legend, Add Scale Bar, Add North Arrow, na Add Label kwa kichwa. Ni mambo yaleyale tuliyofundishwa jiografia ya shule: jina la ramani, fremu, ufunguo, skeli na dira. Ongeza mawili: tarehe ya kukusanya data na chanzo cha mipaka. Kwenye ufunguo ondoa alama ya Auto update, ufute majina kama vituo_utm, uandike "Vituo vya maji". Toa kama PDF kwa Export as PDF.

Kabla ya kuisambaza, ondoa majina ya wenye nyumba na namba za simu. Kituo cha umma kionekane. Kisima cha ndani ya ua wa mtu kiulizwe kwanza.

Mambo yakikwama

Vituo vimeangukia kusini mwa Hispania. Umebadilishana X na Y. Longitudo yetu ikisomwa kama latitudo, inakupeleka nyuzi 37 kaskazini. Rudia hatua ya 5.

Vimeangukia kusini mwa Ethiopia, pande za Sodo. Umesahau alama ya kutoa kwenye latitudo.

Vimeangukia baharini, Ghuba ya Guinea, kwenye sifuri na sifuri. Ama safu zina sifuri pale GPS iliposhindwa kusoma, ama namba za nyuzi zimepewa mfumo usio wao, EPSG:3857 wa ramani za mtandaoni.

Orodha ina namba kubwa, kama 341000 na 9233000. Hizo ni UTM, mita tayari. Ziingize kwa EPSG:32737 au ya kanda yako badala ya 4326. Vituo vyote vikionekana vimehama mita mia kadhaa upande mmoja, jaribu Arc 1960: EPSG:21037 kwa kanda 37 kusini, 21036 kwa kanda 36.

Vituo viwili tu ndivyo vimehama, vingine viko sawa. Si suala la mfumo. Tazama picha za vituo hivyo na usahihi wa GPS uliorekodiwa. Pengine nukta ilichukuliwa nyumbani jioni, wakati wa kumalizia fomu.

Buffer imefunika dunia nzima. Umepima nyuzi 400. Hatua ya 6.

Tabaka lina alama ya mshangao au QGIS inasema haioni faili. Umehamisha folda au flashi imebadilisha herufi. Bofya alama hiyo, uelekeze faili lilipo sasa.

Tabaka limo kwenye orodha lakini halionekani. Bofya kulia, Zoom to Layer. Likionekana, tatizo ni mahali. Lisipoonekana, huenda limefunikwa na tabaka la juu: liburute juu ya orodha.

Safu ya namba haikubali hesabu. QGIS imeisoma kama maandishi, mara nyingi kwa sababu ya mkato au neno "hakuna" katikati ya namba. Safisha CSV, uiingize upya.

Ukikwama kwingine na ukaomba msaada kwa mtu, usiseme tu "imegoma". Mtumie toleo la QGIS unalotumia, msimbo wa EPSG wa kila tabaka, mistari mitatu ya CSV yako, na picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa mzima.